Programu Moja, Kompyuta Ngapi? Mwongozo Kamili wa Mipaka ya Leseni kwa Ofisi Ndogo

"Nikinunua moja, naweza kuiweka kwenye kompyuta zangu zote?" Muuzaji akitaka kufunga mauzo hujibu ndiyo. Fundi hujibu "tutaipiga tu". Leseni yenyewe, ambayo ndiyo yenye jibu, haisomwi na mtu mpaka siku skrini inapoandika kwamba ufunguo umekataliwa, mara nyingi siku ambayo ritani za kodi zinatakiwa.

Mwongozo huu umelenga ofisi yenye kompyuta kati ya 3 na 25 zinazotumia Windows, Office, Tally (programu ya hesabu za fedha) na programu nyingine za kawaida.

Leseni inahesabu nini

Kila leseni huhesabu kitu fulani, na ukishakijua hicho, maswali mengine yote hupungua. Vitu vyenyewe ni vinne.

Kuna leseni ya kifaa. Hii imefungwa kwenye mashine, na anayekaa mbele yake ni yeyote. Windows iko hivyo. Office ya kununua mara moja, kama Home & Business 2024, nayo iko hivyo: PC moja au Mac moja, basi.

Kuna leseni ya mtu. Hii humfuata mwenye akaunti popote aendapo. Microsoft 365 ya biashara humruhusu mtumiaji mmoja kuweka Office kwenye kompyuta 5, tableti 5 na simu 5. Lakini ni zake yeye. Wafanyakazi watano wakigawana nywila ya bosi, kompyuta zitafanya kazi, ila mkataba umeshavunjwa, na kila mmoja anasoma barua pepe za bosi.

Ya tatu huhesabu wanaotumia kwa wakati mmoja. Programu inaweza kuwekwa kwenye mashine 20, lakini viti ni vitano. Wa sita hungoja mwenzake afunge.

Ya nne huhesabu ofisi nzima. Tally Gold ni mfano wake mzuri, tutaufikia. Mfano mbaya ni Java ya Oracle: tangu Januari 2023 usajili wake hupigwa kwa idadi ya wafanyakazi wote wa taasisi, hata asiyegusa kompyuta. Kama programu yenu ya zamani inadai Java, weka OpenJDK, yaani Java huria, ambayo haina hesabu hiyo, kisha ujaribu kama programu inakubali kabla ya kulipa chochote.

Sasa tuone hesabu inavyobadilika. Ofisi ina watu 6, kompyuta za mezani 5 na laptopu 3. Wahasibu watatu kila mmoja ana kompyuta ya mezani na laptopu. Mapokezi kuna kompyuta moja ambayo watu wawili hupokezana zamu. Meneja ana yake. Ukinunua Office kwa kifaa, unahitaji 8. Ukinunua kwa mtu, unahitaji 6. Ukichanganya, yaani wahasibu watatu kwa mtu, mapokezi na meneja kwa kifaa, unahitaji 5 tu. Kanuni yake ni nyepesi: mtu mmoja mwenye mashine nyingi, nunua kwa mtu, mashine moja yenye watu wengi, nunua kwa kifaa.

Maneno ya kutafuta kwenye mkataba

Mikataba karibu yote imeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, lakini huhitaji kuisoma yote. Kwa Windows, bonyeza Windows + R, andika winver, kisha bofya kiungo cha masharti ya leseni kilicho chini ya dirisha. Kwa Office, fungua File, halafu Account, halafu About. Ukishaufungua, bonyeza Ctrl + F na utafute maneno haya moja moja.

"Device" na "licensed device" maana yake hesabu ni ya mashine. "Named user" ni mtu mwenye jina. Akaunti iitwayo "ofisi" au "mapokezi" si mtu. "Concurrent" ni wanaotumia kwa wakati mmoja. "Instance" ni nakala moja iliyowekwa, na kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya nyingine, kwa programu kama VirtualBox, huhesabiwa kama kompyuta kamili: Windows ndani ya Windows ni leseni mbili. "Transfer" hukuambia kama unaweza kuhamisha na kwa masharti gani. "Non-commercial" hukuambia kwamba ofisini haifai kabisa, hata kama mashine ni moja. Neno hilo la mwisho ndilo linalowanasa wengi, kwa sababu Microsoft 365 Family, yenye nafasi za watu 6, huonekana nafuu kuliko ya biashara. Ni nafuu kwa sababu ni ya nyumbani.

Kisheria, programu ya kompyuta hulindwa kama maandishi ya mtunzi. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ina ya 2001. Kwa hiyo nakala iliyozidi leseni ni suala la hakimiliki, mbali na ugomvi wenu na muuzaji.

Kagua kila mashine ilivyo leo

Usinunue chochote kabla ya kujua ulichonacho. Kila mashine huchukua dakika tano hivi.

1. Bonyeza Windows + R, andika cmd, kisha Ctrl + Shift + Enter ili dirisha lifunguke kwa mamlaka ya msimamizi.

2. Andika slmgr /dli na usubiri sekunde chache. Kisanduku kitatokea. Kwenye mstari wa Description tafuta neno linalotangulia "channel", na chini yake unukuu herufi tano za mwisho za ufunguo.

3. Andika slmgr /xpr. Hii hukuambia kama uamilisho (activation) ni wa kudumu au una tarehe ya kwisha.

4. Fungua PowerShell kwa mamlaka hayohayo, andika: (Get-CimInstance -ClassName SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Ikirudisha ufunguo wenye herufi na tarakimu 25, huo umechomwa na kiwanda kwenye bayosi, programu ya kuwashia iliyo kwenye mazabodi. Ikirudisha mstari mtupu, hakuna. Maelekezo ya zamani hutumia wmic kwa kazi hii. Kwenye Windows 11 za karibuni wmic imeondolewa, ndiyo maana huambiwa amri haitambuliki.

5. Kwa Office, fungua Word, File, Account, na usome jina la bidhaa na akaunti iliyoingia. Kwa Office za ufunguo, nenda kwenye folda C:\Program Files\Microsoft Office\Office16 kupitia cmd, kisha andika cscript ospp.vbs /dstatus. Folda ni Office16 hata kwa matoleo ya 2019, 2021 na 2024, usiitafute Office21. Ikiwa ni ya biti 32, iko ndani ya Program Files (x86).

Andika yote kwenye jedwali: jina la mashine, namba ya kiwanda, toleo la Windows, channel, herufi tano, akaunti ya Office, tarehe ya risiti. Na risiti yenyewe piga picha. Risiti za karatasi ya joto hufifia kadiri muda unavyopita, na siku ya kudai haki yako utakuwa umeshika karatasi nyeupe.

Sasa kusoma majibu. OEM_DM ni leseni ya kiwandani iliyo kwenye bayosi. RETAIL ni ya dukani, na hiyo huhamishika. VOLUME_MAK na VOLUME_KMSCLIENT ni za leseni ya ujazo, ile inayouzwa kwa taasisi.

Herufi tano za mwisho zikiwa 3V66T kwa Windows Pro au 8HVX7 kwa Home, usishtuke ukiziona kwenye mashine tano tofauti. Hizo ni funguo za jumla ambazo Windows hujiwekea pale mashine inapokuwa na leseni ya kidijitali iliyosajiliwa kwa Microsoft. Kila mashine ina haki yake, ila utambulisho hauko kwenye ufunguo bali kwenye maunzi. Kuna madaftari ya ofisi yameandika "tumetumia ufunguo mmoja kwenye kompyuta zote" kwa sababu tu ya herufi hizo.

VOLUME_KMSCLIENT ndiyo ya kukutoa jasho. Mfumo wa KMS hutumia seva ya taasisi, hutoa uamilisho wa siku 180, na mashine hujaribu kuuhuisha kila siku 7. Seva hiyo haianzi kuamilisha Windows za kawaida mpaka ihesabu angalau mashine 25, na kwa Office angalau 5. Ofisi yenye kompyuta 8 haiwezi kuwa na KMS yake halali ya Windows. Ukiiona, basi ama mashine ni ya mtumba na bado inakumbuka kampuni ilikotoka, ama fundi alipitisha kraki, yaani programu ya kudanganya uamilisho. Ishara ya kraki ni kwamba slmgr /xpr inaonyesha tarehe ndani ya siku 180, na antivairasi ilizimwa au ina folda imeambiwa isiikague. Hilo la pili ndilo la hatari zaidi: mlango uliofunguliwa kwa ajili ya kraki haukufungwa.

Lakini kabla ya kukasirika, rudi hatua ya 4. Kompyuta nyingi za mtumba zinazoingia kutoka Ulaya na Dubai zina ufunguo halali kwenye bayosi; fundi alipiga Windows isiyo yake kwa haraka tu. Andika slmgr /ipk ukifuatiwa na ufunguo ule wa bayosi, kisha slmgr /ato. Toleo likilingana, umemaliza bila kulipa senti. Ikiwa bayosi ina ufunguo wa Home na mashine imepigwa Pro, itagoma. Hapo piga Home upya au nunua Pro. Mabaki ya kraki nayo hayaondoki kwa amri hizi, kwa hiyo kwenye mashine ya hesabu za fedha ni bora kufomati na kuanza upya.

Kuhamisha Windows kwenda mashine nyingine

OEM haihami. Imefungwa kwenye mazabodi, na mazabodi ikifa imekufa nayo, isipokuwa mtengenezaji akubadilishie kwa garantii. Kubadilisha diski, kuongeza RAM au kubadilisha pawa hakuigusi.

RETAIL huhama, ila iwe kwenye mashine moja kwa wakati mmoja.

Kabla ya kuanza, fungua Settings, System, Activation kwenye mashine ya zamani. Kama leseni haijaunganishwa na akaunti ya Microsoft, ingia kwenye akaunti sasa, kabla mashine haijazimwa kwa mara ya mwisho. Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

1. Kwenye mashine ya zamani: slmgr /upk kuondoa ufunguo, kisha slmgr /cpky kuufuta kwenye rejista.
2. Kwenye mashine mpya, hakikisha toleo ni lilelile. Home kwa Home, Pro kwa Pro.
3. Andika slmgr /ipk na ufunguo wako, kisha slmgr /ato ukiwa na intaneti.
4. Ikigoma, rudi Settings, System, Activation, bofya Troubleshoot, chagua kwamba umebadilisha maunzi karibuni, ingia kwenye akaunti, chagua jina la mashine ya zamani na uthibitishe kwamba ndiyo hii unayoitumia sasa.

Jambo moja kuhusu slmgr /upk: haipeleki taarifa yoyote kwa Microsoft. Inaondoa ufunguo kwenye mashine tu. Kwa hiyo seva yao bado inaweza kudhani ufunguo uko kazini kule, na ndiyo sababu hatua ya 4 ipo.

Makosa utakayokutana nayo: 0xC004C008 maana yake ufunguo umeshatumika kwenye mashine nyingine au umezidi idadi iliyoruhusiwa. 0xC004F050 maana yake ufunguo umeandikwa vibaya au si wa toleo hilo. Angalia B na 8 kwanza. 0xC004F211 ni maunzi yamebadilika, kwa kawaida mazabodi. 0xC004F074 ni mashine inaitafuta seva ya KMS na haioni, yaani ina ufunguo wa taasisi ambayo wewe si mmoja wao.

Funguo za bei ya chakula cha mchana zinazouzwa mitandaoni mara nyingi ni MAK za shirika fulani. MAK ina idadi maalumu ya uamilisho, na kila mashine hupunguza moja. Inafanya kazi leo kwa sababu hesabu haijaisha. Ikiisha, au mwenyewe akigundua na kuufunga, mnunuzi wa mwisho ndiye anayebaki na kosa kwenye skrini. Angalia channel siku hiyohiyo uliyonunua, ukiwa bado na namba ya muuzaji.

Diski moja kunakiliwa kwenye mashine kumi

Shule na maabara hupenda njia hii: tengeneza kompyuta moja vizuri, nakili diski yake kwenye nyingine zote. Kiufundi inaokoa siku nzima. Kileseni inaharibu, kwa sababu nakala hubeba ufunguo wa mashine ya kwanza kwenda kwa zile tisa. Zikiingia kwenye intaneti, baadhi zitaamka hazijaamilishwa.

Ikiwa kila mashine ina ufunguo wake wa bayosi, njia safi ni kupiga Windows kutoka kwenye flashi ya Microsoft: kisakinishi husoma bayosi chenyewe na hakikuulizi kitu. Ukilazimika kunakili picha ile moja, fahamu kwamba Microsoft huruhusu hivyo kwa wenye leseni ya ujazo. Leseni hata moja ya ujazo ya toleo hilohilo hufungua haki hiyo kwa mashine ambazo tayari zina OEM. Andaa diski kwa Sysprep, chombo cha Windows cha kufuta utambulisho wa mashine, ukichagua Generalize kabla ya kunakili, la sivyo mashine zote zitakuwa na jina na kitambulisho kimoja na zitagombana kwenye mtandao.

Office

Office ya kununua mara moja, ukishaingiza ufunguo wake kwenye tovuti, ufunguo ule umekwisha kazi. Leseni imeingia kwenye akaunti ya barua pepe. Kadi uliyopewa dukani inabaki kuwa ushahidi wa ununuzi tu. Kuihamisha kwenda mashine yako nyingine kunaruhusiwa, lakini si zaidi ya mara moja kila siku 90, isipokuwa mashine imeharibika.

Tatizo kubwa la ofisi ndogo liko hapa: fundi anafungua akaunti moja ya barua pepe na kuingiza leseni tano za Home & Business humo. Ukurasa wa akaunti utaonyesha vitu vitano vyenye jina lilelile, na hakuna kinachosema ipi iko kwenye mashine ipi. Mashine moja ikifa, utabahatisha. Weka leseni moja moja, siku hiyohiyo iweke kwenye mashine yake, na uandike kwenye jedwali tarehe na herufi tano zinazotoka kwenye ospp.vbs. Na akaunti iwe ya ofisi. Ikiwa ni ya fundi, leseni ni za fundi.

Microsoft 365 Personal na Family huruhusu kila mtu kuwa ameingia kwenye vifaa 5 kwa wakati mmoja; ukiingia cha sita, hutolewa kile ambacho hakijatumika kwa muda mrefu zaidi. Kwa akaunti za biashara, ingia kwenye ukurasa wa akaunti yako, fungua orodha ya vifaa, uondoe usivyotumia tena. Office iliyotolewa haifutiki: hufungua faili na kuchapisha, lakini hairuhusu kuhariri. Hali hiyohiyo huikuta mashine ambayo haijaona intaneti kwa takriban mwezi mmoja. Kwa tawi la kijijini ambako bando hununuliwa kwa msimu, washa hotspoti ya simu kila wiki mbili na ufungue Word dakika chache. Vinginevyo nunua Office ya mara moja kwa mashine za huko.

Kompyuta ya zamu ni kesi ya pekee. Kila mfanyakazi akiingia na akaunti yake, kila mmoja anapoteza nafasi moja kati ya tano zake. Mpango wa Microsoft 365 Business Premium una njia ya kuamilisha kompyuta ya pamoja ambayo haihesabiwi kwenye tano hizo. Mipango ya chini yake, Business Standard ikiwemo, haina.

Tally na hesabu za mtandao

Tally Silver ni ya mtumiaji mmoja, kompyuta moja. Gold huruhusu watumiaji bila ukomo ndani ya mtandao wa ofisi moja. Tawi la pili mtaa mwingine ni suala jingine.

Leseni hii imeshikwa na mashine, na ina adabu yake: kabla ya kufomati, kubadilisha mazabodi au kuuza kompyuta, lazima *uisalimishe*. Bonyeza F1, ingia Settings, License, chagua Surrender, na mashine iwe na intaneti. Leseni hurudi kwenye seva ya Tally, kisha utaiamilisha kwenye mashine mpya kwa namba ya leseni na barua pepe ya msimamizi. Ufunguo wa kufungulia hutumwa kwenye barua pepe hiyo. Ikiwa barua pepe ni ya mhasibu aliyeacha kazi miaka miwili iliyopita, umekwama, na kubadilisha msimamizi huchukua muda. Hakikisha leo kwamba mnaifungua.

Fundi akifomati bila kusalimisha, Tally itafunguka kama ya mafunzo: inakubali tarehe chache tu za mwezi. Hali hiyo yenyewe haifuti data, ila usiingize chochote. Jaribu kuamilisha upya kwa namba ileile. Ikigoma, mpigie muuzaji aliyeidhinishwa ukiwa na namba ya leseni mkononi.

Kwa Gold, mpangilio unaotulia ni huu:

1. Chagua mashine isiyozimwa wakati wa kazi, yenye waya wa mtandao, si laptopu ya meneja.
2. Ipe anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.10. Anwani ikibadilika kila ruta inapozimika na umeme, wateja wote hupoteza leseni asubuhi.
3. Weka Tally pamoja na Gateway Server, sehemu yake inayogawa leseni kwa mashine nyingine, na uamilishe leseni hapo.
4. Ruhusu lango 9999 kwenye ukuta wa moto wa Windows kwa mtandao wa ndani tu.
5. Kwenye kila mashine nyingine, weka Tally, chagua kutumia leseni ya mtandao, andika 192.168.1.10 na 9999.
6. Weka data kwenye folda moja ya pamoja kwenye mashine ileile ya kwanza.

Hatua ya 6 ndipo leseni mbili zinapokutana. Tally Gold haina kikomo cha watumiaji, lakini Windows Pro ina: huruhusu vifaa vingine 20 tu kuiunganikia kwa faili na printa. Ofisi ikifika mashine 22, moja itaambiwa hakuna nafasi ya muunganisho, na lawama zote zitaelekezwa kwa Tally. Andika net session kwenye mashine yenye folda kuona nani ameshika. Ukizidi 20 kweli, unahitaji Windows Server pamoja na leseni za ufikiaji ziitwazo CAL, moja kwa kila mtu au kila kifaa.

Kompyuta moja yenye nguvu, watu wengi kwa mbali

Wazo linalorudi kila mwaka: nunua mashine moja nzuri, wote waingie kwa Remote Desktop, tutumie leseni moja. Windows Pro humruhusu mtu mmoja kwa wakati. Akiingia wa pili, wa kwanza hutolewa. Viraka vinavyoondoa kikomo hicho huvunja mkataba, na sasisho la Windows huvivunja vyenyewe.

Njia halali ni Windows Server yenye CAL za kawaida na CAL za RDS (huduma ya kuingia kwa mbali) juu yake. Bila CAL za RDS utapata siku 120 za neema, kila kitu kikifanya kazi vizuri, kisha siku ya 121 wote wanakataliwa mlangoni isipokuwa wasimamizi wawili. Aliyekufungia mfumo atakuwa ameshalipwa na kuondoka. Muulize kuhusu RDS CAL kabla ya malipo ya mwisho. Na kumbuka kwamba Office ya kununua mara moja ya dukani haikubali kutumiwa kwa seva ya namna hiyo.

Adobe, antivairasi na "za bure"

Adobe Creative Cloud ya mtu mmoja huweza kuamilishwa kwenye kompyuta mbili, lakini itumike moja kwa wakati. Wasanifu wawili kugawana akaunti moja hakufai. Ili kutoka kwenye akaunti, fungua Help, kisha Sign Out.

Antivairasi ya "vifaa 3" huacha mizimu. Ukifomati kompyuta bila kuiondoa kwenye akaunti, jina la zamani hubaki likishikilia nafasi, na kompyuta ileile huhesabiwa mara mbili. Ingia kwenye akaunti ya antivairasi, futa majina yasiyoonekana tena, kisha amilisha.

LibreOffice, GIMP, 7-Zip na Linux nyingi unaweza kuziweka kwenye mashine elfu ofisini bila kumuuliza mtu. TeamViewer na AnyDesk za bure ni za matumizi binafsi. Zikihisi biashara huanza kukukata baada ya dakika chache. VirtualBox ni huru, lakini kifurushi chake cha nyongeza, Extension Pack, si cha ofisi bila leseni. Kwa ofisi ya watu 6, LibreOffice kwenye kompyuta ya mapokezi, ambako kazi ni barua na risiti, huondoa leseni moja kwenye hesabu bila mtu kuhisi tofauti.

Mashine ikiuzwa, ikifa au ikiibiwa

Ukiiuza: salimisha Tally, toka Adobe, ondoa Office na antivairasi kwenye akaunti, chukua ufunguo wa Windows kama ni RETAIL. Kama ni OEM uache, ni haki ya mnunuzi. Kisha ndipo ufomati. Mpangilio ni huo, si kinyume chake.

Ikifa ghafla: diski mara nyingi bado nzima. Usijaribu kuiwasha kwenye mashine nyingine ili "kuokoa leseni". Windows itaona mazabodi ngeni na kupoteza uamilisho. Toa data, kisha fanya uondoaji wote kupitia tovuti za akaunti.

Ikiibiwa: badilisha nywila ya akaunti ya Microsoft na ya Adobe kwanza, kutoka kwenye simu, kisha ondoa kifaa hicho kwenye orodha za vifaa, kisha mpigie muuzaji wa Tally aitoe leseni kwenye mashine hiyo. Ripoti ya polisi iwe na namba ya kiwanda ya laptopu. Ipo kwenye jedwali lako, safu ya pili.